Bega Limeumia, Uandike Msimbo Gani?

Jalada likifika mezani kwako na sehemu ya utambuzi ina maneno matatu tu, "jeraha la bega", usikimbilie kitabu cha misimbo. Huenda ni mtulinga uliovunjika, kichwa cha mfupa wa mkono kilichochomoka, kano iliyochanika, au mchubuko wa ngozi utakaopona wenyewe. Kila kimoja kina msimbo wake, matibabu yake na gharama yake. Ukiokota msimbo wa jumla ili foleni isogee, mgonjwa huyo hataonekana sawasawa kwenye takwimu za hospitali, na dai lake laweza kurudishwa na mfuko wa bima kwa kuwa huduma aliyopewa hailingani na ugonjwa ulioandikwa.

Mwongozo huu ni wa afisa kumbukumbu za afya, karani wa madai, na tabibu wa kituo kidogo anayezifanya kazi zote hizo peke yake. Tutafuata ICD-10 ya Shirika la Afya Duniani, WHO. Matoleo mengine tutayagusa mwishoni, kwa sababu yanawachanganya wengi.

Kwanza ujue ni nini kilichoumia

Bega halina kiungo kimoja. Kile kikubwa ni pale kichwa cha mfupa wa mkono wa juu kinapokaa kwenye kikombe kifupi cha kombe la mkono. Kikombe hicho ni kifupi mno kwa ukubwa wa kichwa chenyewe, ndiyo maana bega linazunguka kila upande na ndiyo maana huchomoka kwa urahisi kuliko viungo vingine vikubwa. Cha pili kiko juu ya bega, mtulinga unapokutana na ncha ya kombe. Cha tatu kiko mbele, mtulinga unapokutana na mfupa wa kidari.

ICD-10 inaviheshimu viungo hivyo vyote vitatu. Kuchomoka kwa kiungo kikubwa ni S43.0, kiungo cha juu ya bega ni S43.1, na kile cha kidarini ni S43.2. Ikiwa mfupa haukuchomoka bali ligamenti zimevutika au kuchanika, unashuka hadi S43.4 kwa kiungo kikubwa, S43.5 kwa cha juu ya bega, na S43.6 kwa cha kidarini. Mgonjwa na ndugu zake watasema "limetenguka" kwa hali zote hizi, na wakati mwingine muuguzi wa mapokezi ataandika vivyo hivyo. Neno la mgonjwa ni la kuanzia tu. Msimbo unatoka kwenye hitimisho la daktari baada ya kumpima na kuona eksirei.

Mifupa iko kwenye S42: mtulinga S42.0, kombe S42.1, sehemu ya juu ya mfupa wa mkono S42.2, na shina la mfupa huo S42.3. Kuna tarakimu ya tano inayoonyesha kama mvunjiko umefunikwa, yaani 0, au umetoboa ngozi, yaani 1. Daktari asipotaja, kanuni ni kuuhesabu kuwa umefunikwa. Kanuni hiyo ni halali, lakini usiifanye kimbilio. Mvunjiko uliotoboa ngozi una hatari ya usaha kwenye mfupa, unahitaji kusafishwa chumba cha upasuaji na dawa za mishipani. Ukiuandika kuwa umefunikwa, gharama zote hizo zitabaki bila maelezo.

Misuli na kano ziko S46. Neva ziko S44 na mishipa ya damu S45. Mchubuko ni S40 na kidonda kilichofunguka ni S41. Hapa pana mtego ambao kila mwenye kuhudumia majeruhi wa pikipiki anapaswa kuujua. Dereva akirushwa akaangukia bega huku kichwa kimevutwa upande wa pili, fundo la neva zitokazo shingoni kwenda mkononi linaweza kuvutika au kukatika, na mkono mzima ukalegea. Mgonjwa anaonyesha bega, daktari anaandika habari za mkono, nawe unaanza kupekua S44. Fundo hilo halimo humo. Liko kwenye majeraha ya shingo, S14.3.

Jeraha la leo au ugonjwa wa siku nyingi

Hapa ndipo makosa mengi ya bega yanapozaliwa, kwa hiyo tukae kidogo. Sura ya herufi S ni ya majeraha: kuna tukio, kuna nguvu iliyoupiga mwili, kuna saa na mahali. Sura ya herufi M ni ya magonjwa ya misuli, mifupa na viungo. Bega linauma kwa njia zote mbili, na mara nyingi mgonjwa mwenyewe huchanganya, kwa sababu mtu mwenye maumivu hutafuta siku ya kuyalaumu. "Nilibeba ndoo Jumatatu, tangu hapo limeanza." Huenda ndoo ndiyo iliyolichana. Huenda kano lilikuwa linakwisha kwa miaka, na ndoo ikawa tone la mwisho.

Chukua kano nne zinazokizunguka kichwa cha mfupa wa mkono na kukishikilia kwenye kikombe chake, ambazo madaktari huziita rotata kafu. Kijana wa miaka 23 ameanguka kutoka juu ya mwembe, hawezi kuunyanyua mkono, na ultrasaundi imeonyesha kano limekatika. Hilo ni jeraha: S46.0. Fundi rangi wa miaka 60, ambaye maisha yake yote ameyapaka madari mkono ukiwa juu ya kichwa, amekuja na maumivu ya miezi mingi na picha inaonyesha kano limechanika. Hilo ni M75.1. Picha za wawili hawa zinaweza kufanana kabisa. Historia ndiyo inayowatenganisha.

Na ikiwa daktari ameandika tu kwamba kano limechanika, bila kutaja ajali? Kitabu kinajibu waziwazi: mchaniko ambao haukutajwa kuwa umetokana na jeraha unakwenda M75.1, uwe kamili au wa nusu. Usimtungie mgonjwa ajali. Lakini ukiona kwenye maelezo ya mapokezi kwamba aliletwa baada ya kuanguka, huku utambuzi umenyamaza, jalada hilo lirudi kwa daktari kabla hujaandika chochote. Kwa mfanyakazi aliyeumia kazini jambo hili ni zito zaidi. Nchini Tanzania, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, unahusika na ajali na pia magonjwa yatokanayo na kazi, na ushahidi wa kimoja si ushahidi wa kingine. Herufi moja uliyoiweka kwa haraka inaweza kumfanya mtu adaiwe uthibitisho wa jambo ambalo halikumtokea.

Mfano wa pili ni bega lililoganda. Mama lishe wa miaka 52 hawezi kusuka nywele zake wala kufunga kanga kwa nyuma. Hakuanguka, hakupigwa. Bega lilianza kuuma polepole, kisha likawa gumu kila upande, hata daktari akijaribu kulisogeza mwenyewe haliendi. Daktari akiandika kwamba bega limeganda, msimbo ni M75.0. Wenye kisukari hupata tatizo hili zaidi kuliko watu wengine, kwa hiyo ukikuta kisukari kimeandikwa jaladani, kipe msimbo wake pia. Lakini ikiwa daktari ameishia kwenye "maumivu ya bega" akiwa bado anachunguza, andika M25.51, maumivu ya kiungo eneo la bega, uishie hapo. Dalili iliyoandikwa kwa uaminifu ni bora kuliko ugonjwa uliobuniwa na karani.

Ndugu wengine wa M75 tuwapitie haraka: M75.2 ni uvimbe wa kano la misuli ya mbele ya mkono, M75.3 ni kano lenye chokaa, M75.4 ni kano kubanwa chini ya ncha ya kombe, M75.5 ni uvimbe wa kifuko cha majimaji. M75.9 ni ya tatizo la bega lisilobainishwa, na ikiwa ripoti yako ya mwezi imejaa msimbo huo, tatizo liko kwenye uandishi.

Mfano wa tatu ni golikipa ambaye bega lake linachomoka mara kwa mara. Mara ya kwanza aligongana na mshambuliaji, hapo ilikuwa S43.0. Sasa linatoka hata akijinyoosha kitandani. Hali hiyo ya kujirudia ni M24.4, na kwa tarakimu ya mahali, M24.41. Tofauti yake si ya karatasi tu. S43.0 inaeleza kwa nini bega lilirudishwa leo chumba cha dharura, na M24.41 inaeleza kwa nini daktari wa mifupa anampangia upasuaji wa kulikaza. Ukiandika S43.0 kila anapokuja, takwimu zitaonyesha ajali nyingi zisizokuwepo, na upasuaji utaonekana hauna sababu. Akipata kishindo kipya kweli kwenye bega lile lile bovu, aamue daktari ni tukio jipya au ni mwendelezo, na aandike hivyo.

Jalada moja, hatua kwa hatua

Abiria wa bodaboda, mwanamume wa miaka 34. Pikipiki iliteleza barabarani kwenye kokoto, haikugongana na kitu. Ameangukia bega la kushoto. Daktari ameandika kwamba kichwa cha mfupa wa mkono kimetoka kwa mbele, kipande cha mfupa kimemeguka pembeni mwa kichwa hicho, ngozi ni nzima, na pana ganzi upande wa nje wa bega kwa kuumia neva ya aksila. Bega lilirudishwa chini ya dawa ya usingizi, mkono ukafungwa, akapewa tarehe ya kurudi.

Wengi huandika S43.0 na kufunga jalada. Lakini faharasa, ukifuata neno la kutenguka pamoja na mvunjiko, inakuelekeza kwenye mvunjiko. Hivyo msimbo mkuu ni S42.2, na kwa kuwa ngozi haikutoboka, S42.20. Kama utaratibu wa hospitali yako unataka na kutenguka kuonekane, ongeza S43.0, ila mvunjiko utangulie. Kisha neva: S44.3. Usiiache, kwa sababu ganzi hiyo ikibaki baada ya wiki kadhaa, lazima ijulikane kwamba ilikuwepo siku ya kwanza na haikuletwa na aliyelirudisha bega.

Hatujamaliza. Msimbo wa S unasema mwili umeumia vipi, lakini nini kilichoumiza kinasemwa na sura ya sababu za nje, kuanzia V hadi Y. Mpanda pikipiki aliyeumia bila kugongana na chombo kingine yuko V28. Tarakimu ya nne inatenganisha dereva na abiria kwa ajali ya barabarani: 4 ni dereva, 5 ni abiria. Huyu wetu ni V28.5. Wangegongana na gari dogo ingekuwa V23, na lori au basi V24. Aliyekuwa ndani ya bajaji hayumo kundi hili kabisa, yuko V30 hadi V39, vyombo vya magurudumu matatu. Kuanguka kutoka mtini ni W14. Ukikosa maelezo yoyote, ipo W19 ya kuanguka kusikobainishwa, lakini ulizia kwanza. Muuguzi aliyempokea majeruhi kwa kawaida anajua kila kitu, hakuulizwa tu.

Nasisitiza misimbo hii ya sababu kwa kuwa ndiyo inayoachwa kwanza kazi ikizidi, na ndiyo pekee inayoweza kumwonyesha mganga mkuu wa wilaya kwamba mabega ya watu wake yanavunjwa na barabara fulani, au na minazi, au na ngumi. Anayepanga kinga hawezi kupanga kwa S42.2 peke yake.

Na majeruhi huyu angekuwa pia na damu kichwani? Msimbo mkuu ni wa hali iliyomfanya ahitaji matibabu zaidi katika kipindi hicho, na ikiwa hali ni kadhaa, ile iliyotumia rasilimali nyingi kuliko nyingine. Kichwa kingetangulia, bega likafuata.

Akirudi kliniki

Wiki sita baadaye yule yule anarudi kuangaliwa. Bega limepona, mkono hauna nguvu. Usiandike tena S42.2 kana kwamba amevunjika leo. Uchunguzi wa kufuatilia baada ya matibabu ya mvunjiko ni Z09.4, huduma nyingine ya ufuatiliaji wa mifupa ni Z47.8, na akija kwa ajili ya mazoezi ya viungo, Z50.1. Mfupa usipounga, ni M84.1. Baada ya muda mrefu akija na bega lililokakamaa kwa sababu ya mvunjiko wa zamani, andika kwanza tatizo alilonalo sasa, ukakamavu wa kiungo M25.6, kisha ongeza T92.1 kuonyesha kwamba ni athari za mvunjiko wa mkono.

Upande gani?

ICD-10 ya WHO haina tarakimu ya kulia wala kushoto kwa bega. Kwa hiyo upande lazima uandikwe kwa maneno, kila ukurasa, kila picha. Linganisha tatu: maelezo ya daktari, ombi la eksirei, na ripoti ya upasuaji. Zikipingana, simamisha dai na umpigie daktari wakati huo huo. Hilo si la bima tena, linahusu mtu anayeweza kupasuliwa bega zima. Mabega yote mawili yakiwa yameumia, kumbuka kwamba S40 hadi S49 hazikuandaliwa kwa pande mbili kwa pamoja. Kundi la majeraha ya sehemu nyingi, T00 hadi T07, ndilo linalohusika, ingawa kila jeraha linapojulikana vizuri ni bora kuonyesha undani wake.

Namna ya kumuuliza daktari

Usimpe jibu ndani ya swali. Ukimwandikia "tuweke S46.0?" atasema ndiyo ili aendelee na mgonjwa mwingine. Mwandikie hivi:

"Daktari, habari za kazi. Naomba ufafanuzi wa jalada hili kabla halijafungwa. Utambuzi unasema kano la bega limechanika. Maelezo ya mapokezi yanataja kuanguka bafuni siku mbili kabla. Ultrasaundi inataja pia dalili za kuchakaa. Tafadhali andika jaladani, kwa maoni yako, mchaniko huu umetokana na nini, na ni bega la upande gani. Ahsante."

Umeweka ushahidi wote mbele yake na hukumsukuma upande wowote. Jibu liandikwe jaladani lenye tarehe na saini. Jibu la mdomo kwenye korido halitakusaidia mkaguzi akija. Daktari akiulizwa vizuri mara kadhaa, huanza kuandika vizuri bila kuulizwa, nami naamini hiyo ni faida kubwa kuliko dai lolote lililolipwa.

Misimbo mirefu ya mtandaoni

Ukitafuta misimbo ya bega kwenye intaneti, utakutana na vitu kama S43.014A. Huo ni wa ICD-10-CM, toleo la Marekani lililoanza kutumika huko Oktoba 1, 2015. Toleo hilo linataja kila kitu: S43.014 ni kutenguka kwa mbele kwa bega la kulia, S43.015 la kushoto, na herufi ya mwisho ni hatua ya huduma. A ni matibabu yenyewe yanapoendelea, hata kama si mara ya kwanza kuonana na daktari. D ni kipindi cha kupona. S ni athari zilizobaki. Mswahili anayefanya kazi ya madai Marekani lazima azijue. Wewe unayetumia mfumo uliojengwa juu ya ICD-10 ya WHO usizinakili. Zitakataliwa, au zitakatwa mkia na kuingia kimakosa. Hata M75.1 huko imegawanywa: M75.11 kwa mchaniko wa nusu na M75.12 kwa mchaniko kamili, na upande juu yake.

ICD-11, iliyoanza rasmi Januari 1, 2022, imelitatua suala la upande kwa njia nyingine. Unachukua msimbo wa shina, kwa mfano NC13.0 wa kutenguka kwa bega, kisha unaunganisha wa nyongeza kwa alama ya &: XK9K kwa kulia, XK8G kwa kushoto. Kituo chako kikihamia huko, anayezoea leo kuandika upande, chanzo na aina ya jeraha kwa maneno kamili atakuwa na kila kinachohitajika.

La mwisho, tukirudi kwenye ICD-10 ya WHO: kabla ya kufunga jalada lolote la bega la mtoto mchanga, tazama tarehe ya kuzaliwa. Mtulinga uliovunjika wakati wa kujifungua si S42.0 bali P13.4, na mkono uliolegea kwa neva kuvutwa wakati wa uzazi, kwa aina ya Erb, ni P14.0. Ikiwa mtoto ana siku chache tu na mama anasema alizaliwa kwa shida, jalada la mama nalo liletwe mezani, usome maelezo ya wodi ya wazazi kabla ya kuandika.